Kizuizini: Neno, Sheria na Dhamiri katika Kitabu cha J. M. Kariuki

Kitabu cha Josiah Mwangi Kariuki juu ya maisha yake katika kambi za Kenya kilitolewa na Oxford University Press mwaka wa 1963, mwaka ule ule nchi hiyo ilipopata Uhuru, nacho kina dibaji ya Margery Perham. Jina lake la Kiingereza, 'Mau Mau' Detainee, lamtaja mtu. Tafsiri ya Kiswahili yaitwa Mau Mau Kizuizini, na jina hili halimtaji mtu bali lataja mahali. Msomaji mwepesi atasema kwamba tofauti hii ni ya sarufi tu. Lakini kitabu chenyewe, kikisomwa kwa makini, chaonyesha kwamba humo ndimo lilimo fumbo lote la sheria ile iliyomshika mwandishi kwa muda wa miaka saba, kutoka mwaka wa 1953 hata 1960, na kumpitisha katika kambi kumi na nne pasipo kumfikisha mbele ya hakimu kwa kosa lolote.

Mara nyingi kitabu hiki kimesomwa kama ushahidi wa historia. Ni haki kisomwe hivyo; lakini chastahili pia kupimwa kama kazi ya lugha, maana mwandishi wake alipigana kwa maneno, na waliomzuia nao walimzuia kwa maneno kabla ya kumzuia kwa seng'enge.

Kiswahili kina majina kadha wa kadha ya mtu aliyenyimwa uhuru wake, na kila jina lina mlango wake wa kuingilia na wa kutokea. Mfungwa ni mtu aliyehukumiwa. Mlango wake wa kuingilia ni hukumu, na wa kutokea ni mwisho wa kifungo. Mahabusu, neno lililotoka katika Kiarabu, katika matumizi ya sasa ni yule angojaye kesi yake. Huingia kwa shtaka, naye hutoka kwa hukumu au kwa kuachiliwa. Mateka ni mtu aliyetekwa vitani. Huingia kwa bahati mbaya ya mapigano, naye hutoka vita viishapo, wala hapana amlaumuye kwa kuwa alipigana. Majina haya matatu hayalingani kwa uzito, lakini yote matatu yana jambo moja la sawa: kila moja humpa mtu nafasi katika sheria, na kwa hiyo humpa pia neno la kudai. Mfungwa aweza kuhesabu siku zake. Mahabusu aweza kuuliza shtaka lake ni lipi. Mateka aweza kutaja Mikataba ya Geneva.

Sasa na litazamwe neno kizuizini. Shina lake ni zuia, na kizuizi katika maneno ya kila siku ni boma, gogo au kamba iliyowekwa njiani ili kitu kisipite. Ni neno la kinga. Hapa ndipo penye tofauti kubwa kati ya kufunga na kuzuia katika lugha ya sheria: mtu hufungwa kwa ajili ya lililopita, lakini huzuiwa kwa ajili ya lisilotukia bado. Mfungwa hujibu neno la jana. Aliye kizuizini hujibu neno la kesho. Na hapana mtu duniani awezaye kuleta mashahidi wa kesho. Ndiyo sababu lugha haikumpatia jina jepesi. Watu husema "aliye kizuizini" au "mtu wa kizuizini", yaani humtaja kwa mahali alipo, kwa kuwa hapana tendo ambalo waweza kumtaja kwalo.

Kiswahili si peke yake katika jambo hili. Gakaara wa Wanjau, mwandishi aliyeshikwa katika siku zizo hizo, alitoa mwaka wa 1983 shajara yake katika lugha ya Kikuyu kwa jina la Mwandĩki wa Mau Mau Ithaamĩrio-inĩ, na mwaka wa 1984 kitabu hicho kilipewa Tuzo ya Noma. Mwisho wa jina hilo, -inĩ, ni ndugu wa -ni ya Kiswahili: hapo napo mtu yumo mahali. Lakini shina la neno lenyewe ni la kuhama na kuhamishwa. Kikuyu chamtazama mtu huyo kutoka kijijini kwake, kama aliyeondolewa kwao. Kiswahili chamtazama kutoka langoni, kama aliyezuiwa kupita. Mtafsiri wa Kariuki alichagua jicho la langoni, nalo ndilo jicho la serikali iliyotunga neno hilo. Hakuwa na budi, kwa maana neno lilikwisha kuenea. Lakini yafaa ijulikane kwamba hata jina la kitabu cha mlalamikaji limevaa nguo za mlalamikiwa.

Hali ya Hatari ilitangazwa Kenya tarehe 20 Oktoba 1952. Kanuni zake zilimpa Gavana mamlaka ya kumweka mtu kizuizini kwa amri ya maandishi tu. Katika msako wa Nairobi ulioanza tarehe 24 Aprili 1954 maelfu ya watu walikamatwa na kuchekechwa, na mwisho wa mwaka huo hesabu ya serikali yenyewe ilipita watu 70,000 waliokuwa kambini. Haifai mhakiki asahau kwamba hofu ya serikali ilikuwa na chanzo. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, huko Lari, wapiganaji wa Mau Mau waliwaua watu wengi, wakiwamo wanawake na watoto waliochomwa ndani ya nyumba zao. Na mauaji ya kulipiza kisasi yakafuata. Serikali yoyote ingalikuwa na wajibu wa kuwalinda watu wake na mambo kama hayo. Swali si kama serikali ilikuwa na haki ya kujikinga. Swali ni kwamba ilijikinga kwa jina gani.

Jibu ni kwamba haikutaka jina lolote kati ya yale matatu. Haikutaka kusema kwamba hivi ni vita, maana kama ni vita, walioshikwa ni mateka. Hivyo wapinzani wakaitwa wahalifu na magenge. Lakini haikutaka pia kuwafikisha wote mahakamani kama wahalifu, maana ushahidi haukuwapo au haukutosha. Ilipotaka kuua, iliita mahakama: watu zaidi ya 1,000 walinyongwa kwa hukumu katika miaka hiyo. Ilipotaka kuzuia, haikuita mahakama. Hivyo mtu yule yule alikuwa adui asiye askari na mhalifu asiye na shtaka. Mikataba ya Geneva ya mwaka wa 1949 ilikuwa na kifungu cha tatu, kilichowekwa kwa ajili ya mapigano yasiyo ya dola na dola, nacho chakataza ukatili juu ya mtu aliyekwisha kushikwa. Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu ulitandazwa hata Kenya mnamo Oktoba 1953. Na ijapokuwa mkataba huo huruhusu serikali kujitoa katika baadhi ya masharti wakati wa hatari, sharti la kutotesa halina ruhusa hiyo. Basi sheria ilikuwapo. Lililokosekana ni jina ambalo mtu angeliweza kuliita ili sheria imwitikie.

Kariuki alilifahamu jambo hili mapema, na hapo ndipo penye ubora wa kitabu chake. Haandiki kama mtu aliaye, bali kama karani ahesabuye. Hutaja kambi kwa majina, Kowop, Langata, Manyani, Lodwar, kisiwa cha Manda karibu na Lamu, kisiwa cha Saiyusi katika ziwa la Victoria. Hutaja chakula, kazi, adhabu, na watu waliomtendea wema kwa waliomtendea uovu. Aeleza jinsi waliozuiwa walivyojichagulia viongozi, wakajiwekea sheria zao na kufungua masomo, wenye kujua kusoma wakiwafundisha wasiojua. Habari zilizopenya seng'enge walizipa majina kama ya magazeti, wakaziita Manyani Times na Waya Times. Huo si mchezo wa maneno tu. Watu walionyimwa sheria walijitungia sheria, na watu walionyimwa habari walijitungia gazeti; yaani walikataa kuwa mahali tu, wakajirudisha kuwa watu.

Lakini kazi kubwa ya maneno katika kitabu hiki ni barua. Kariuki aliandika barua za malalamiko, zikatoroshwa nje ya kambi hata zikawafikia wakubwa wa London, naye akapigwa kwa sababu ya barua hizo. Msomaji wa leo aweza kushangaa kwamba karatasi iliogopwa kuliko silaha. Hapana la kushangaza. Barua ya malalamiko ina umbo la sheria: ina mwandishi, ina mwandikiwa, ina tarehe, ina kosa, ina dai. Mtu aandikaye barua ya namna hiyo amekwisha kujitwalia ile nafasi ambayo kanuni zilimnyima. Ameacha kuwa aliye kizuizini, amekuwa mdai. Ndiyo maana aliyepigwa ni mwandishi, lakini lililokusudiwa kuvunjwa ni umbo.

Kinyume cha barua ni ungamo, na hapa kitabu chafunua kitanzi cha utaratibu mzima. Waliozuiwa walipangwa kwa rangi: weupe, wa kijivu na weusi, kwa kadiri serikali ilivyowaona kuwa wepesi au wagumu. Kushuka kutoka kambi moja hata nyingine, mpaka nyumbani, kulitegemea jambo moja: kukiri kiapo. Huo ulikuwa mlango wao pekee wa kutokea. Basi mtu aliyezuiwa kwa ajili ya kesho aliachiliwa kwa kusema neno la jana. Na lile ambalo mahakama ingalipaswa kulithibitisha kwa mashahidi, mtuhumiwa alitakiwa alithibitishe kwa kinywa chake mwenyewe, baada ya njaa na kiboko. Kiswahili hutenga kukiri na kuungama. Kukiri ni jambo la mahakamani, kuungama ni jambo la dini, na aungamaye hungojea kusamehewa. Katika kambi mambo haya mawili yalichanganywa: ilitakiwa toba, lakini ilitwaliwa kwa nguvu kama habari za upelelezi. Toba ya namna hiyo haimfai anayeitoa, wala haimfai anayeipokea, maana mtu apigwaye husema lolote la kukomesha kipigo.

Kitabu kina upungufu wake, na haki yataka utajwe. Vita vya msituni vyaonekana kwa mbali tu, maana mwandishi hakuwamo. Mateso ya wanawake waliowekwa Kamiti hayana nafasi yake ya kutosha. Kiapo chatetewa kwa ufasaha, lakini hofu ya wale waliolishwa kiapo bila ya hiari yao haikupewa sauti iliyo sawa. Tena kitabu kiliandikwa katika saa ya Uhuru, mwandishi akitaka kuwapatanisha watu wake kuliko kuwahukumu. Kwa hiyo mahali pengine kalamu yapita upesi palipostahili kusimama. Hata hivyo upungufu huo haupunguzi thamani ya ushahidi, kwa sababu mwandishi hakudai kuona asichokiona.

Lugha ya upande wa pili nayo yafaa kuhakikiwa kwa kipimo kile kile. Mwezi wa Juni 1957 Mwanasheria Mkuu wa Kenya, Eric Griffith-Jones, alimwandikia Gavana Evelyn Baring juu ya kuwapokea watu wagumu katika kambi za Mwea. Alitenga nguvu ya kushurutisha na nguvu ya kuadhibu: ya kwanza iruhusiwe, ya pili ikatazwe. Mwanasheria huyo alijua hatari ya hayo, maana alikiri kwa maandishi kwamba ikiwa wao watatenda dhambi, basi yawapasa kuitenda kimyakimya. Msomi wa lugha atauliza: ngozi ya mtu yatofautishaje fimbo ya kushurutisha na fimbo ya kuadhibu? Tofauti haimo katika fimbo, wala katika jeraha, bali katika nia ya apigaye; na nia hiyo ashuhudiaye ni yeye peke yake. Hapa neno halikutumiwa kueleza jambo bali kulisitiri. Sheria haikuvunjwa waziwazi. Ilitobolewa kwa kivumishi.

Matokeo yake yalionekana Hola, karibu na mto Tana, tarehe 3 Machi 1959, walipolazimishwa kufanya kazi watu waliokuwa wamekataa. Watu kumi na mmoja walikufa. Tangazo la kwanza la serikali lilihusisha vifo hivyo na maji waliyokunywa. Uchunguzi wa hakimu ukaonyesha kwamba waliuawa kwa vipigo. Katika Bunge la Uingereza, usiku wa tarehe 27 Julai 1959, Enoch Powell, mbunge wa chama kile kile kilichotawala, aliwakatalia wenzake ile hoja kwamba waliokufa walikuwa watu duni, na kwamba Afrika yaweza kuwa na kipimo chake na Uingereza kipimo chake. Hapana aliyeshtakiwa kwa vifo vile. Lakini neno "maji" lilibaki katika kumbukumbu kama kielelezo cha mahali lugha ifikapo inapotumikia kificho: haimwongopei msikilizaji tu, humwua aliyekufa mara ya pili.

Ingalikuwa faraja kusema kwamba neno kizuizini liliondoka pamoja na bendera ya mkoloni. Halikuondoka. Tanganyika ilitunga sheria yake ya kuweka watu kizuizini mwaka wa 1962, na Kenya ikafanya vivyo mwaka wa 1966. Ngugi wa Thiong'o aliwekwa kizuizini kutoka mwisho wa mwaka wa 1977 hata Desemba 1978, bila ya kesi. Abdilatif Abdalla yeye alikuwa mfungwa hasa, aliyehukumiwa mahakamani kwa maandishi yake, na mashairi aliyoyatunga gerezani yalitolewa mwaka wa 1973 katika Sauti ya Dhiki. Na Kariuki mwenyewe, aliyetoka katika kambi kumi na nne akiwa hai, aliuawa mwezi wa Machi 1975 akiwa mbunge katika nchi iliyo huru. Chombo kikiachwa sebuleni, hakichagui mkono wa kukishika.

Wala neno halikukaa Afrika ya Mashariki tu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipuliwa katika ubalozi wa Marekani Nairobi na Dar es Salaam. Watu zaidi ya 200 wakafa, wengi wao Waafrika waliokuwa katika shughuli zao. Uovu huo hautafuti udhuru. Mwezi wa Januari 2002, baada ya mashambulio mengine ya mwaka wa 2001 nchini kwake, Marekani ilifungua kambi ya Guantánamo, ikawaita walioletwa humo wapiganaji wasio halali. Ni ile hila ya Kenya imerudi kwa jina jipya: si mateka, kwa kuwa si askari, si mahabusu, kwa kuwa ni vita. Mwaka wa 2006 Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba kifungu cha tatu cha Mikataba ya Geneva chawahusu hata hao.

Mmoja wa walioshikwa alikuwa Ahmed Khalfan Ghailani, mzaliwa wa Zanzibar, aliyekamatwa Pakistan mwaka wa 2004, akafichwa katika magereza ya siri ya majasusi, kisha akapelekwa Guantánamo, na mwaka wa 2009 akafikishwa mahakamani New York. Jaji alimkataa shahidi mmoja mkubwa kwa sababu habari zake zilipatikana kwa kumlazimisha mshtakiwa kusema. Mwezi wa Novemba 2010 baraza la wazee wa mahakama lilimwona hana hatia katika mashtaka zaidi ya 280, likamwona ana hatia katika moja. Na kwa hilo moja alihukumiwa kifungo cha maisha mwezi wa Januari 2011. Wako waliolalamika kwamba mahakama ilikuwa dhaifu. Lakini yaonekana kinyume: miaka ya kificho ndiyo iliyodhoofisha ushahidi, na mahakama ndiyo iliyompa mtu huyo jina lisilo na shaka. Tangu siku ile ni mfungwa. Na ndugu za waliokufa walipata kitu ambacho kizuizi hakiwezi kuwapa, yaani hukumu.

Hata kwa watu wa kambi za Kenya hukumu ilichelewa zaidi ya miaka hamsini. Wazee walipokwenda mahakamani London, yalitokea makasha ya majalada ya kikoloni yaliyokuwa yamehifadhiwa Hanslope Park mbali na macho ya watu. Na tarehe 6 Juni 2013 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba yasikitikia mateso yale, na kwamba watalipwa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Wazee hao, ambao katika ujana wao walikuwa mahali tu, walikuwa sasa wadai. Barua ya Kariuki ilikuwa imepata jibu.

Kazi iliyobaki ni ya waandishi na wafasiri wa Kiswahili, wala si kazi ndogo. Lugha imewapa ngazi: mshukiwa, mtuhumiwa, mshtakiwa, mfungwa. Yote ni majina ya kutendwa; kila moja lakumbusha kwamba yuko mtu mwingine ashukuye, atuhumuye, ashtakiye, afungaye, naye aweza kuulizwa kwa nini. Gaidi si neno la namna hiyo. Zamani lilimtaja mnyang'anyi atumiaye nguvu. Leo ndilo jina la atishaye watu kwa mauaji. Halina alama ya kutendwa, wala halina mlango wa swali. Alitamkaye amekwisha kuhukumu. Magazeti yasemapo kwamba magaidi watano wamekamatwa alfajiri, kesi imekwisha kabla ya jua kuchomoza. Methali yasema, lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hiyo yafaa barazani. Haifai mahakamani, kwa maana humo lisemwalo lapaswa kuthibitishwa au kuachwa. Mwandishi arukaye ngazi hizi kwa kutaka upesi ajenga kambi ndani ya sentensi yake, na kumweka mtu humo asiko na tarehe ya kutoka.